Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Simu ilinikuta Sur, kwa binti yangu, nimekaa ukumbini nangoja chai ya jioni. Aliyepiga ni sahibu yangu wa Ibra, mtu tunayesali naye msikiti mmoja na kubishana kila siku kwa mambo yasiyotuhusu. Nyinyi mnaonisoma kutoka huku Omani mnajua simu zetu zinavyokwenda, lakini wa Unguja na Mombasa nitawaeleza. Huku mtu hakupi khabari mpaka kwanza mhakikishiane kwamba khabari hakuna. Aliniuliza hali, nikamwambia alhamdulillahi. Nikamuuliza khabari za Ibra, akanijibu hapana ila kheri. Akaniuliza za Sur, nami nikamjibu hapana ila kheri. Tukapita kwa watoto, tukapita kwa joto, tukapita kwa goti langu, kote kheri tupu. Ndipo akakohoa, akasema, "Basi yule bwana wa gari fupi katangulia. Tushamzika, jana baada ya Isha." Nikamuuliza mbona hakunambia jana ile ile, nami ningepanda gari nikawahi. Akasema, "Tulikustahi, bwana. Tulijua utataka kuja, na goti lako hilo, na njia yote hiyo." Nikakata simu bila ya kumuaga, jambo ambalo sijapata kumfanyia.

Marehemu hakuwa rafiki yangu wa siri. Alikuwa mtu wa baraza moja. Tukikaa pamoja kwenye sabla ya mtaa, yaani ule ukumbi wa wanaume ambamo huku watu hupokea wageni, hufungisha ndoa na hukaa matanga. Nilimjua kama mtu anavyomjua jirani wa miaka mingi, kwa kikohozi chake na kwa namna anavyotikisa kikombe cha kahawa akishatosheka. Alizaliwa Unguja, Mjini, akaja huku kijana katika kundi letu la mwanzo, wakati tulipokuwa tunatafutwa kwa sababu tulijua Kiingereza na tulijua kukaa ofisini. Wengi wetu tulikaa ofisini kweli, tukanenepa. Yeye alitiwa kwenye kazi ya kupima barabara, akawa anatembea kwa miguu mbele ya matrekta, kutoka Ibra kuteremka mpaka pwani, na upande wa pili kupandisha mpaka Nizwa, wakati njia yote hiyo ni mawe na vumbi. Ukisafiri naye baina ya Samad na Sur ulikuwa huna haja ya redio. Kila kona alikuwa na neno nayo. Hapa palikuwa na jabali lililowatesa, pale wadi, yaani bonde kavu la mto, iliteremka usiku ikawachukulia mahema na sufuria zao, na pale kwenye kilima alikaa akalia kwa sababu barua kutoka nyumbani ilimwambia mamake kafa na ilikuwa imechelewa njiani mpaka arubaini ikapita.

Mkewe alipofariki, wanawe walifanya kikao. Wote wanakaa Maskati, wote wana vyeo vyao, na si watoto wabaya hata kidogo. Ingekuwa rahisi kwangu kuandika kama wangekuwa wabaya. Waliona baba yao amebaki peke yake, macho yamepungua, miguu inachelewa, wakamletea gari kubwa la juu pamoja na dereva wa kumpeleka anakotaka. Baba akae nyuma, apumzike, kashafanya kazi ya kutosha. Ijumaa ya kwanza nilimwona anateremshwa mbele ya msikiti. Dereva alizunguka mbio akamfungulia mlango, naye akateremka bila ya taabu yoyote, kanzu haikukunjika hata pindo, kilemba kiko sawasawa. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa. Alivumilia kiti kile cha nyuma miezi kadhaa. Kisha siku moja alikodi teksi mpaka Maskati bila ya kumwambia mtu, na jioni akarudi Ibra anaendesha mwenyewe kitu ambacho mtaa mzima ulitoka kukitazama. Lilikuwa gari la michezo, la rangi ya kijivu, milango miwili, viti viwili, na fupi kiasi cha kwamba mbuzi akisimama upande wa pili unamwona kichwa na mgongo.

Nikamwendea. Nikamwambia, "Bwana, umepata nini wewe? Umri huu?" Hakukasirika. Akanambia niiname nitazame ndani. Nikainama, na kuinama kwenyewe mnajua nilivyo. Akaniuliza, "Unakiona kiti cha nyuma?" Nikasema sikioni. "Basi," akasema, "hawana pa kuniweka." Halafu akacheka kile kicheko chake cha puani, akaongeza kwamba barabara ya Sur aliitembea kwa nyayo na sasa anataka kuisikia kwa makalio, na katika gari hili makalio yako juu ya lami yenyewe. Mwanawe mkubwa alikuja wikiendi ile ile. Ni mtu mzito, mwili na maneno. Alilitazama gari, akamtazama babake, na akaja kusema pale pale sablani mbele yetu sote, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika: "Baba, sikukatazi. Lakini siku utakayoshindwa kushuka mwenyewe, ufunguo nauchukua mimi." Mzee akampa mkono, wakakubaliana. Tukanywa kahawa. Kuanzia saa ile maisha ya mtu yule yakawa yametundikwa kwenye jambo moja tu, nalo ni kuinuka kutoka kwenye kiti.

Nitakuelezeni taratibu zake, maana mtu hawezi kumjua marehemu bila ya kuzijua. Kuingia kulikuwa na nafuu. Alivua kilemba kwanza, kwa sababu dari lile halikukubali kichwa na kilemba pamoja, akakiweka kwenye kiti cha pili kama abiria. Akaligeuzia gari mgongo, akakusanya kanzu kwa mkono mmoja mpaka chini ya magoti, akashika juu ya mlango, akasema bismillahi, akajiachia. Hakukaa, aliangukia. Kisha akaingiza miguu mmoja mmoja, ule wa kulia akiuinua kwa mkono kama mzigo wa mtu mwingine. Kutoka ndiko kulikokuwa na mtihani. Alifungua mlango mpaka mwisho, akatoa miguu yote miwili, akasimika bakora chini, akaanza kuyumba mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka uzito wake mwenyewe umnyanyue. Mara nyingine uzito ulikataa ukamrudisha kitini. Akipatwa na hilo alikaa akitazama milima, kana kwamba ndiyo aliyokuja kuitazama, halafu akaanza tena. Akishasimama alikung'uta kanzu, akavaa kilemba kwa kujitazama kwenye kioo cha mlango, na akaja kwa mwendo wa mtu ambaye hajui kwa nini watu wanalalamika juu ya uzee.

Siku moja tulialikwa karamu ya harusi Manah, akanichukua. Sitaeleza nilivyoingia mimi ndani ya gari lile. Itoshe kusema kwamba tulipofika Nizwa nilikuwa bado natafuta mguu wangu mmoja. Tulipofika Manah watu walikuwa wamejaa uwanjani. Alipofungua mlango na kutoa miguu, kijana mmoja wa upande wa bwana harusi, mfanyakazi wa benki, mwenye heshima zake na manukato yake, akaja mbio, akamtia mikono kwapani, akamvuta nje mara moja. Alikusudia wema. Mzee akajikuta amesimama, kanzu imepanda, hana kilemba, watu wote wanamtazama. Alimwangalia kijana yule kuanzia viatu mpaka kofia. Akamuuliza, "Nimekwambia nimezama?" Kisha akamgeuzia gari mgongo, akajiachia kitini, akaingiza miguu, akafunga mlango. Tukarudi Ibra hatujaonja hata punje ya wali, na harufu ya nyama ya tanuri tuliisikia kwa pua zetu. Tulipokuwa tunakaribia mjini ndipo aliposema, polepole, "Kanitoa kama jino." Nikataka kucheka, lakini nilimtazama nikaacha. Aliogopa kwamba khabari itafika Maskati kabla yake, na ufunguo utakuwa umekwenda.

Khabari haikufika Maskati. Ilifika sablani, na hapo ndipo tulipofanya kile ambacho sisi tunajua kukifanya kuliko watu wote duniani. Hakuna aliyeitisha kikao, hakuna aliyemwambia mwenzake, lakini kuanzia juma lile gari la kijivu likiingia uwanjani kila mtu alipata shughuli. Mmoja alimimina kahawa kwenye vikombe vilivyojaa. Mmoja alitafuta kitu kwenye simu. Mmoja alifungua kilemba chake akaanza kukifunga upya. Tuligeuza nyuso sote, mpaka tusikie "Assalaamu alaykum" mlangoni, na hapo tukasimama kwa pamoja kumpokea kama mtu aliyeteremka sasa hivi, kwa wepesi, kutoka kwenye farasi. Kando ya uwanja kulikuwa na mfereji wa maji wa zamani, mkavu, na yeye ndipo alipopapenda. Alisimamisha gari ubavuni mwake, akateremsha miguu ndani ya mfereji, na kwa kuwa miguu ilikuwa chini, kiti kikawa juu, akainuka kwa nafuu. Aliwahi kunambia, "Nimeipima ardhi ya nchi hii umri wangu wote, na yenyewe sasa inisaidie kidogo." Pale kando ya mfereji hapakuegesha mtu mwingine. Hata wageni tuliwahamisha, tukisingizia nyoka. Nilijivunia jambo hili, sikufichini. Nikasema moyoni kwamba bado tuna adabu, bado tunajua kumsitiri mtu.

Sasa nitakwambieni alivyokufa, kama nilivyosimuliwa na sahibu yangu niliporudi Ibra na hasira zangu. Kulikuwa na matanga ya bibi mmoja wa mtaani, na watu wa kutoa mkono wa pole walikuja kutoka kila upande. Baada ya Alasiri uwanja ulijaa magari ya Maskati, na moja kubwa lilikuwa limesimama kando ya mfereji kwa sababu siku ile hakukuwa na mtu wa kusimulia khabari za nyoka. Gari la kijivu likaingia, likazunguka, likakosa pake, likasimama katikati ya uwanja, kwenye ardhi tambarare, mbele ya mlango wa sabla. Waliokuwa ndani waliona. Walimwona anafungua mlango, wakaiona miguu inatoka na bakora inasimikwa. Wakageuza nyuso. Na kwa kuwa siku ile alikuwa wazi kabisa mbele yao, mtu mmoja mwenye huruma zaidi aliinuka akausindika mlango wa sabla nusu, ili mzee asije akadhani anatazamwa. Kahawa ikapita. Qurani ikasomwa. Walioingia baadaye walimkuta pale kitini, miguu nje, kichwa kimeinama kidogo, bakora mkononi, nao wakazunguka upande wa pili wa gari, wasimsalimie, maana kumsalimia mtu katika hali ile ni kumlazimisha akuinulie uso. Walipita wengi. Sahibu yangu mwenyewe alitoka kwenda kutia udhu na akarudi, mara zote mbili anatazama ukuta.

Aliyemtazama ni mgeni. Mpwa wa yule bibi, kaja kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya matanga, na hakuna aliyemfundisha taratibu zetu. Alipita karibu na gari, akamwona mzee, akamwamkia kama alivyolelewa. Akangoja. Akamwamkia tena. Kisha akaja mlangoni mwa sabla, akausukuma, akasema kwa wasiwasi, "Samahanini wazee. Nimempa shikamoo yule mzee wa kwenye gari, haitikii." Sahibu yangu anasema ukumbi mzima uliinuka, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyepata kumsikia marehemu akimnyima mtu marahaba. Mtoto mdogo akimwamkia huku mzee amekasirika, ataitikia kwanza ndipo aendelee na hasira zake. Walipotoka walimkuta bado ana joto. Walimkimbiza hospitali ndani ya gari kubwa la juu, kiti cha nyuma. Daktari, kijana, alimpima, akauliza jambo moja tu, la kawaida kabisa la kazi yake: alianza lini kuwa hivi? Watu waliomleta walitazamana. Ukumbi ulikuwa umejaa wanaume watu wazima, mbele ya mlango mmoja, uwanja mmoja, gari moja, na hakuna aliyeweza kumjibu. Daktari akauliza tena kwa Kiarabu cha pole zaidi, akidhani hawakumfahamu. Sahibu yangu akamwambia, "Hatukuwa tunatazama." Akaniapia kwamba daktari alimwangalia kama anayemwangalia mwendawazimu. Hakusema kama angewahiwa angepona, wala kama asingepona. Alifunika uso wa marehemu akaondoka.

Tangu hapo neno sitara limekuwa chungu kinywani mwangu. Sisi watu wa Unguja tulikuja huku na adabu hii mikononi, tukawakuta ndugu zetu wa huku nayo ya kwao, zikakutana adabu mbili zikawa ukuta. Mtu akiharibikiwa na biashara hatumuulizi. Mtu akiachwa na mkewe tunamuuliza khabari za mitende. Nina mwenzangu alianza kupotea njia ya nyumbani, anakutwa mitaa ya watu amesimama, nasi tukasema siku hizi kapenda kutembea, mpaka akapenda kutembea barabara kuu. Tulikuja tumeacha nyumba, tumeacha makaburi, wengine tumeacha watu ambao hatukuwazika, na watoto wetu walipotuuliza khabari za huko tuliwajibu hapana ila kheri. Wakakua na kheri hiyo tupu. Walipokosea Kiswahili hatukuwasahihisha, tuliwageuzia Kiarabu ili wasione haya, na leo wajukuu zangu wananiita babu, wananibusu mkono, na baada ya hapo hatuna la kuzungumza. Wanangoja niinuke, na wanatazama pembeni nikiinuka. Tumewafundisha vizuri. Nikifikiri hivyo usiku usingizi hauji, na sioni nani wa kumlaumu, kwa sababu kila mmoja wetu alifanya lililo jema.

Binti yangu alinirudisha Ibra siku ya tatu ya matanga ya marehemu. Gari la kijivu lilikuwa bado katikati ya uwanja, mlango umefungwa, vumbi limeanza kulishika, na watu waliokuwa wanaingia sablani walilizunguka kwa mbali. Kupitia kioo niliona kilemba kwenye kiti cha pili, kimekaa kama alivyokiweka. Wakati wa magharibi kukaribia, mwanawe mkubwa alitoka na ufunguo, akasema atalirudisha nyumbani, ni hatua chache tu. Akaingia kwa shida, ule mwili, akaliendesha mpaka mbele ya nyumba ya babake. Sisi tukafuata kwa miguu kumsindikiza. Akafungua mlango, akatoa miguu nje, akataka kuinuka asiweze. Akajaribu tena. Kanzu ilikuwa imemnasa chini ya paja, hakuwa na bakora, wala hakuna aliyewahi kumwonyesha namna babake alivyoyumba. Akabaki pale ameshika usukani kwa mkono mmoja, na mabega yakaanza kumtikisika. Mimi nilikuwa katikati ya wenzangu. Nikaona, kwa macho yangu mawili, watu waliozika juzi wanageuza nyuso. Mmoja alitazama mlima. Mmoja alitoa simu. Sahibu yangu akaanza kukifungua kilemba chake.

Nilikwenda nikasimama mbele ya mlango wa gari, nikamtazama. Sikumgusa, kwa sababu ya Manah. Nilimtazama tu, nimeegemea goti langu zima. Akainua uso uliolowa, akasema, "Ami, usinitazame." Nikamwambia nakutazama. Akasema tena, kwa sauti kubwa, niondoke, nimwache, sina haya, mzee mzima nakuja kumkodolea mtu macho siku ya msiba wake. Alinambia maneno ambayo kwa umri wangu sijapata kuambiwa na mtoto wa mtu. Watu wakashtuka, mmoja akanivuta kanzu nirudi. Sikurudi. Nilisimama nikimsikiliza anavyofoka, na nitasema kweli, ilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizozisikia tangu ile simu ya Sur. Alipochoka akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba alikuwa akishuka vipi?" Nikamwambia ayumbe, mbele na nyuma. Akayumba. Uzito ukamrudisha, akayumba tena, na mara hii akanyosha mkono bila ya kunitazama, nami nikaushika.

Haikumrudisha babake. Yule niliyekuwa nimtazame kashazikwa, na kando ya mfereji hapajaegesha mtu tena. Tukipita tunageuza nyuso, mazoea. Sina tamaa kwamba tutabadilika, tumeshazeeka na adabu zetu na watoto wetu wamezirithi barabara. Lakini nyinyi mnaonisoma, pengine mko mbali na sabla yetu, pengine bado mna macho. Mzee wako akiwa anashuka garini, au anainuka juu ya msala akishasali, au anapanda ngazi huku anajifanya kuhesabu maua, mtazame. Msalimie, ungoje jibu, na jibu lisipokuja usizunguke upande wa pili. Atakukasirikia. Atakuuliza kama kakwambia kuwa kazama. Mwache akukasirikie mpaka achoke, na ukirudi nyumbani umelowa matusi, mshukuru Mola wako, kwa sababu aliyekutukana bado yuhai.